Bibi Kashona kwa Mkono, Mjukuu Kapigilia kwa Nyundo

Mitandaoni wamegawanyika tena, na safari hii ugomvi hauhusu mtu kuachwa wala gari la mkopo. Unahusu blanketi.

Dada mmoja wa mjini, jina linabaki kapuni ila ana wafuasi wa kutosha kuuza hata maji ya bomba, kahamia nyumba mpya ya kupanga Dar na akapost sebule yake. Sofa la kijivu, taa ya manjano, zulia jipya. Ukutani, katikati kabisa, blanketi la viraka vya kanga alilopewa na bibi yake Kisorya. Laiki zikamiminika. Moto umewaka, dada kaua, dada hana mpinzani. Mpaka mdau mmoja akazoom kona ya juu na kuuliza swali moja tu: hiyo misumari imepita kwenye kanga yenyewe?

Ndiyo, ilipita. Misumari minne, kona nne.

Hapo zikazaliwa timu mbili. Timu Mwenye Nyumba inalia na ukuta: rangi mpya, mashimo manne, kodi ya miezi sita imelipwa na mkataba unasema wazi hakuna kutoboa. Timu Bibi inalia na blanketi. Wote wana hoja, lakini hasara zao hazilingani hata kidogo. Shimo la ukutani linazibwa kwa kijiko cha skimu na kopo dogo la rangi, Jumamosi moja tu. Kanga iliyochanika kwenye msumari haina duka la kwenda kununua nyingine kama hiyo. Timu Mwenye Nyumba ishike namba mbili.

Wanaosema "si viraka tu hivyo" hawajafika Kisorya. Ni kule Bunda, lami inakoishia ziwani na watu kupanda kivuko kwenda Rugezi, ng'ambo ya Ukerewe. Mara ni mkoa wa pamba. Musoma kulikuwa na kiwanda cha nguo, Mutex, ambacho wazee wa huko wanakitaja mpaka leo. Lakini kulima pamba hakukuwahi kumaanisha nguo ni za kutupa. Kanga inavaliwa harusini, inabeba mtoto mgongoni, inafungwa kiunoni shambani, inajifunikwa msibani. Ikichoka, inachoka katikati kwanza, kwenye mji, pale panapokaliwa na kufuliwa sana. Pindo zinabaki imara. Basi anayejua sindano anakata kilichobaki kizima, anaunga na kingine, na kingine, miaka inapita, linapatikana blanketi. Kwenye lile la dada yule kuna kipande ambacho jina la kanga limekatwa, limebaki neno "mama" peke yake. Hiyo fundi wa mapambo haiwezi kuibuni.

Sasa hapo ndipo msumari unapokuwa adui. Viraka havina umri mmoja. Kimoja kina miaka mitano, jirani yake kina thelathini. Ukining'iniza blanketi zima kwenye kona nne, uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi chache zinazozunguka kila msumari, katikati panalegea na kuvuta chini. Kiraka kipya kinavumilia. Cha zamani kinaachia, na kikishaachia mpasuko unatembea wenyewe kufuata mshono. Haitokei siku ya kupost. Inatokea mwezi wa nne, usiku, wakati hakuna anayepiga picha. Na msumari wa chuma kwenye mji wenye unyevu kama Dar, au nyumba iliyo karibu na ziwa, unashika kutu. Doa la kutu kwenye kanga halitoki kwa sabuni. Anayekimbilia jiki anabaki na tundu.

Wapo wajanja walioshauri gundi ya pande mbili. Jamani. Ile ikibanduliwa inaondoka na rangi ya ukuta, halafu gundi yenyewe inabaki kwenye kitambaa, inakuwa ya njano na kukamata vumbi. Yaani inawakosea mwenye nyumba na bibi kwa mpigo mmoja. Vibanio vya nguo navyo vina afadhali kwa siku ya sherehe tu, maana vinauma sehemu zile zile kila siku.

Njia inayofanya kazi ni ya kizamani na rahisi kiasi kwamba haina mvuto wa kupostiwa. Unachukuliwa mkanda wa kitambaa cha marekani, upana wa kama sentimita 20, unakunjwa mara mbili na kushonwa nyuma ya blanketi, ukingo wa juu, kutoka upande huu mpaka ule. Unakuwa kama mfuko mrefu uliofunguka pande mbili. Unashonwa kwa mkono, sindano ikishika kitambaa cha nyuma tu, isitokeze kwenye kanga mbele. Kisha bomba la pazia linapita ndani. Basi. Uzito uliokuwa kwenye pointi nne sasa umegawanywa kwenye upana wote, na kitambaa cha bibi hakijaguswa na chuma popote. Mwenye fimbo ya mbao aizungushie kwanza kitambaa safi cha pamba, kwa sababu mbao mbichi hutoa mafuta na asidi ambavyo baada ya muda huacha mstari wa kahawia.

Bomba hilo linahitaji kushikwa sehemu mbili tu. Kwa mpangaji hii ni habari njema, maana nyumba nyingi tayari zina vishikio vya pazia, na dirisha ambalo halifunguliwi linaweza kutoa vyake. Nyumba isiyo na dari, kama nyingi za vijijini, ina kenchi: mshipi wa kuvulia unafungwa kwenye kenchi, unashuka mpaka kwenye ncha za bomba, ukuta hauguswi kabisa. Mshipi uliozoea kuvuta sangara hautashindwa na blanketi. Ila ufungwe kwenye bomba, usipitishwe kwenye kitambaa, utakikata kama wembe. Na wenye dari za jipsamu wasijaribu huu mchezo bila fundi wa kuonyesha mbao ilipo. Jipsamu tupu haishiki kitu, itashuka na blanketi pamoja na heshima.

Kingine ambacho picha haionyeshi ni jua. Ukuta aliouchagua dada unatazamana na dirisha la magharibi. Pazuri kwa picha za jioni, balaa kwa kanga. Rangi nyekundu na za bluu zinapauka taratibu, na rangi ikishapauka hairudi. Makumbusho makubwa duniani huweka nguo za zamani kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50, na baada ya muda huzitoa ukutani zipumzike. Hakuna anayesema sebule iwe giza kama makumbusho. Ukuta wa pembeni, pazia jepesi mchana, na blanketi kushushwa baada ya miezi mitatu hivi, inatosha. Likishushwa lisikunjwe kama shuka, lizungushiwe kwenye bomba pana na kufunikwa shuka safi. Mfuko wa plastiki hapana, unafungia unyevu.

Kwa wa kanda ya ziwa kuna nyongeza. Kuna wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi na kujaa kwenye kila kuta yenye taa. Blanketi lililo chini ya taa litawapokea wote. Wasipondwe, wataacha mafuta. Wakishakauka wanapanguswa kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Na kipindi cha masika liachwe nafasi ya vidole viwili kati yake na ukuta, hewa ipite.

Sasa kuna kaka mmoja mtangazaji, naye anajulikana, aliyeandika kwamba haya yote ni ushamba wa kizungu, blanketi la bibi kazi yake ni kufunika watu. Maneno matamu, yalipata laiki nyingi. Lakini blanketi linalolaliwa linafuliwa, na kila kufuliwa kunakula nyuzi ambazo zilishachoka kabla hajazaliwa. Macho ya bibi mwenyewe, kwa maelezo ya mjukuu, hayaoni tena tundu la sindano. Hakutakuwa na la pili. Anayetaka kujifunika aingie dukani, mablanketi yapo.

Ambacho kaka huyo angeuliza, na hakuuliza, ni kama bibi aliombwa ruhusa. Imekuja kujulikana hakuombwa. Dada alimpigia baada ya moto kuwaka, akamwambia shikamoo, akaeleza. Bibi hakugombana na ukuta. Aligombana na misumari, akaagiza blanketi lirudi kwa basi la Bunda, binti yake ataweka viraka nyuma ya yale matundu manne na kushona huo mkanda wa marekani. Fundi cherehani wa mjini asiliguse.

Tayari kuna wanaotangaza kuuza "kama la dada yule", kanga mpya za doti zilizokatwa na kuungwa kwa cherehani. Siyo dhambi. Ila kanga mpya inatoka dukani na wanga mwingi na rangi inayochuja. Kabla ya kukatwa inatakiwa kulowekwa, kufuliwa mara mbili na kukaushwa kivulini, kila rangi peke yake. Anayeuza bila kufua kwanza anauza blanketi ambalo likipata maji mara ya kwanza litajikunja upande mmoja, na nyekundu itahamia kwenye nyeupe. Mnunuzi aulize hilo kabla ya kutuma pesa kwa simu.