Mwani Tangini: Punguza Chakula Kwanza, Dawa Baadaye

Mapambo ya sebuleni ni mengi, lakini ni machache yawezayo kushindana na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe ya bahari, matumbawe hai na samaki wa rangi za kila namna. Hata hivyo, tangi hili si pambo kama saa ya ukutani. Ni kipande cha bahari kilichofungiwa ndani ya kioo, nacho kina uhai, maradhi na mauti yake. Waliokwisha kulitunza, ama nyumbani kwao ama mahali pao pa kazi, wanaifahamu adha iwapatayo wengi katika miezi ya mwanzo: mwani huota juu ya mawe kama nyasi, utando mwekundu hutanda juu ya mchanga, na pengine maji hugeuka kuwa meupe kama maziwa kwa usiku mmoja tu.

Mtu aonapo hali hiyo, wazo la kwanza ni kukimbilia dukani kununua dawa. Tunamshauri asifanye haraka. Mwani ni dalili kwamba majini mna chakula kingi kupita kiasi, na aghalabu aliyekitia ni mwenye tangi mwenyewe.

Mambo huenda hivi. Chakula kisicholiwa, pamoja na mavi ya samaki, huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika mawe na mchanga wamo bakteria wema ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji muda wa wiki nne hadi sita hivi kabla ya kuimudu kazi yao. Nitrati haina sumu kali, lakini ndiyo mbolea ileile ambayo mkulima huitia shambani. Ikiungana na fosfati itokayo katika chakula, na taa kali ikiwaka mchana kutwa, tangi huwa shamba lililotiwa mbolea. Je, tushangae magugu yakiota?

Hapana budi kwanza kumtambua adui. Vumbi la rangi ya kahawia juu ya kioo cha tangi jipya halina haja ya kutiwa hofu. Kwa kawaida hutoweka lenyewe baada ya wiki chache. Nyuzi za kijani zinazofanana na nywele ni mwani wa kweli, unaokula nitrati na fosfati. Utando mwekundu wenye utelezi si mwani hasa, bali ni jamii ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea wafanyavyo, waitwao sianobakteria. Hao hupenda mahali ambapo maji yametuama na uchafu umerundikana. Maji meupe nayo huletwa na bakteria waliozaana ghafla, mathalani baada ya mnyama kufa na kuozea nyuma ya jiwe. Hatari yake kubwa ni kwamba bakteria hao huimaliza hewa iliyomo majini. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji, tia pampu ya hewa mara moja, mtafute mzoga na kuutoa, na uache kulisha kwa siku moja au mbili.

Baada ya hapo ndipo tiba yenyewe. Kwanza, toa chakula kile tu ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili au tatu. Katika nyumba yenye watoto, ateuliwe mtu mmoja wa kulisha, maana kila mtoto akitia kidogo kwa mapenzi yake, samaki hulishwa mara nne kwa siku. Pili, maji ya kujazia yawe yamechujwa barabara, kwa sababu maji ya bomba huweza kuwa na nitrati na fosfati yake yenyewe. Yanayopungua kwa kukauka yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke. Kila wiki badili sehemu moja katika kumi ya maji kwa maji mapya ya chumvi, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, kama ilivyo bahari. Tatu, taa zisizidi saa nane hivi kwa siku, na tangi lisiwekwe mbele ya dirisha lipigwalo na jua. Nne, ng'oa mwani kwa mkono na uvute utando kwa mpira wa maji, kisha elekeza mkondo wa pampu pale ulipokuwa umetanda. Kila konzi unayoitoa ni mbolea iliyotoka tangini.

Tano, waweke walaji. Konokono wa baharini hula mwani usiku na mchana, na kangaja ni hodari sana, ingawa yeye huhitaji tangi kubwa. Thamani ya walaji ilidhihirika baharini kwenyewe. Katika miaka ya 1983 na 1984, maradhi yalienea katika Bahari ya Karibi na kuua zaidi ya asilimia 90 ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao humchoma mtu awakanyagapo mwambani. Wao ndio waliokuwa wakiula mwani. Huko Jamaika, ambako samaki walaji walikuwa wamekwisha kuvuliwa mno na tufani la mwaka 1980 lilikuwa limeivunja miamba, mwani ulitamalaki, na matumbawe yaliyokuwa yamefunika nusu ya mwamba yakabaki chini ya sehemu moja katika ishirini.

Iko pia njia ya kuutumia mwani dhidi ya mwani. Mtaalamu Walter Adey, wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, aliotesha mwani makusudi juu ya wavu uliowekwa pembeni chini ya taa, akawa anaukwangua na kuutupa. Mwani wa pembeni uliimaliza mbolea, na wa tangini ukakosa riziki.

Lakini tahadhari: usitake mbolea iishe kabisa. Matumbawe nayo huihitaji kidogo, na tangi lililofishwa njaa hupauka, kisha huingiliwa na vijidudu vingine vya utelezi wa kahawia ambavyo huweza kuua hata konokono. Lengo ni kiasi.

Sasa tuje kwenye dawa. Baadhi ya dawa za utando mwekundu ni antibiotiki, kama zile tunazotibiwa nazo hospitalini. Zikitiwa tangini huweza kuwadhuru wale bakteria wema, na utando unaokufa kwa wingi huoza na kuwanyima samaki hewa. Zaidi ya hayo, antibiotiki zinazomwagwa ovyo huwazoesha bakteria, hata siku binadamu akiumwa, dawa isimfae. Na maadamu chakula cha ziada kingalimo majini, utando utarudi.

Liko jambo moja kubwa zaidi kwa wazazi. Wengine huyatoa mawe yenye mwani na kuyachemsha au kuyasugua kwa maji ya moto. Kamwe usifanye hivyo! Baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali mno iitwayo palitoksini, nayo hupanda na mvuke. Mwaka 2018, huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima pamoja na baadhi ya waokoaji waliofika kusaidia walipelekwa hospitali baada ya tumbawe la aina hiyo kutolewa tangini. Vaa glavu na miwani, usitumbukize mkono wenye kidonda, na watoto wakae mbali wakati wa usafi.

Mwisho, mwani ulioung'oa utupe kwenye pipa la taka, usiutupe baharini wala mtaroni. Mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, lilionekana shada dogo la mwani wa kigeni lenye ukubwa wa mita moja ya mraba hivi. Ulikuwa mwani wa matangini. Baadaye ulienea katika pwani za nchi kadhaa za Bahari ya Kati, na haukuondolewa tena. Ulipozuka California mwaka 2000, uliwahiwa ungali mdogo, na hata hivyo ilichukua miaka sita na mamilioni ya dola kuumaliza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi wa pwani tuna la kulinda. Familia nyingi za Dar es Salaam huvuka siku za mapumziko kwenda Mbudya na Bongoyo, visiwa ambavyo miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Matumbawe ya huko yasichukuliwe kwa ajili ya tangi la mtu yeyote, na maji ya tangi la mtu yeyote yasimwagwe huko.