Bahasha Isiyo na Barua: Istilahi za Usanisi wa Sauti katika Muziki wa Transi

Mjadala kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili aghalabu huendeshwa kwa mifano ya masomo ya darasani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni tunda la mkabala huo. Makala haya yanachukua uwanja ambao wanaistilahi hawajauzoea, yaani programu za kompyuta zinazosanisi sauti kwa ajili ya muziki wa transi. Yanadai kwamba katika uwanja huu tafsiri sisisi ya sitiari za Kiingereza ni njia mbaya kuliko zote, kwa sababu humficha mtumiaji kitu chenyewe.

Transi ni muziki wa dansi wa elektroniki uliokomaa Ujerumani, hasa Frankfurt, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya mvuto wake imo katika rangi ya sauti, na sauti hizo husanisiwa. Mfano maarufu ni Super Saw ya kinanda cha Roland JP-8000, kilichotoka miaka ya 1996–97. Humo mawimbi saba yenye umbo la meno ya msumeno hulia pamoja, moja katikati, matatu yakishushwa kidogo na matatu yakipandishwa kidogo, hata sikio likasikia sauti moja pana inayometameta. Kampuni ya Steinberg ilitoa mfumo wa VST mwaka 1996, ikaupanua mwaka 1999 ili ubebe ala nzima, na sauti za namna hiyo zikahamia ndani ya kompyuta. Sylenth1 ya Uholanzi, kwa mfano, ina vitetemeshi vinne, na kila kimoja huweza kutoa hadi sauti nane kwa noti moja.

Neno msumeno halileti taabu. Mchoro wa wimbi hilo unafanana na meno ya msumeno, na fundi seremala wa Tanga anaujua msumeno sawasawa na yule wa Hamburg. Kichujio nacho ni kichujio: kazi yake ni kuzuia masafa fulani na kuyapitisha mengine, kama chujio la tui. Taabu huanza pale Kiingereza kinapotumia jina la kasha la barua kutajia namna ukubwa wa sauti unavyobadilika tangu kibao kinapobonyezwa hadi sauti inapotoweka. Mtafsiri anayefuata neno huishia kwenye bahasha. Lakini katika Kiswahili bahasha hutiwa kitu ndani na kufungwa, na hakuna msemaji atakayeitumia kwa mstari unaochorwa juu ya vilele vya wimbi. Hatua ya kwanza ya mstari huo Kiingereza huiita kwa neno la vita, na tafsiri yake sisisi ingekuwa shambulio, ilhali hakuna anayeshambuliwa.

Inapendekezwa hapa kwamba kitu hiki kiitwe mwenendo wa sauti, na hatua zake nne zitajwe kwa vitenzi: kuchomoza, kupungua, kudumu na kufifia. Vitenzi hivi vinaeleza kinachosikika, na vinanyambulika. Mwalimu ataweza kusema ‘chomozesha polepole’ na mwanafunzi akajua ni kitufe gani cha kuzungusha.

Suala la sauti-tayari, yaani zile ambazo mtengenezaji ameshazipanga na kuzihifadhi ndani ya programu, lina mvuto wa pekee kwa mwanaisimu. Katika hazina nyingi za sauti hizo, jina hutanguliwa na herufi mbili zinazoonyesha kundi: LD kwa sauti inayobeba kiimbo kikuu, PD kwa sauti pana ya nyuma, PL kwa sauti fupi mithili ya uzi uliodonolewa, BS kwa besi. Kinachofuata ni jina huru, aghalabu la nyota, la bahari au la ndoto. Muundo huu unakumbusha viambishi vya ngeli. Tena kundi haliamuliwi na malighafi. Misumeno ile ile saba ikichomoza polepole na kufifia polepole huwa PD. Ikichomoza ghafla, ikapungua upesi bila kudumu, huwa PL. Ndivyo mzizi mmoja unavyotoa mtu, kijitu na jitu. Ulinganisho huu, bila shaka, una mpaka wake: hapa hamna upatanisho wa kisarufi, na pasipo upatanisho hapana ngeli.

Hata hivyo unaonyesha njia. Kwa kuwa makundi haya hutambulishwa na kazi ya sauti ndani ya wimbo, Kiswahili kinaweza kuyaita kwa vitenzi vyake vya muziki na vya sauti: ghani kwa LD (kutokana na kughani), mvumo kwa PD (kutokana na kuvuma, kitenzi kile kile kilichoipa ngoma ya vumi jina lake), na mdonoo kwa PL. Besi imeshatoholewa, na haifai kuguswa.

Watetezi wa utohozi watasema vijana wa studio wameshajiamulia. Hoja hiyo ina uzito kwa majina ya bidhaa, ambayo hayatafsiriwi kamwe. Kwa majina ya makundi ina dosari: pedi, kwa mfano, tayari ina maana nyingine madukani, na mwalimu wa muziki atakayeitumia darasani ajiandae kwa kicheko. Isitoshe, neno la zamani si lazima lichakae teknolojia inapobadilika. Kinanda kilikuwa jina la ala ya nyuzi kabla hakijahamia kwenye ala ya vibao, na hakuna aliyelalamika.

Linabaki tatizo moja katika pendekezo lenyewe. Kupungua na kufifia vyote viwili ni kushuka kwa sauti. Tofauti ni kwamba la kwanza hutokea kidole kikiwa bado kwenye kibao, na la pili baada ya kidole kuondoka. Vitenzi hivyo havionyeshi kidole kiko wapi. Huenda ‘mwachio’ ungefaa zaidi kwa hatua ya mwisho, ingawa hapo jina lingetokana na tendo la mpigaji, huku yale matatu mengine yakitokana na mwendo wa sauti.