Baada ya Upasuaji: Ni Nani Atakayemrudishia Mgonjwa Maisha Yake?

Ajali ya pikipiki inapotokea, macho ya wote huelekea chumba cha upasuaji. Damu iliyovilia ndani ya fuvu ikiondolewa na mgonjwa akafumbua macho, ndugu humshukuru Mungu na kuomba Misa ya shukrani. Miezi michache baadaye, familia hiyo hiyo hujikuta ikiishi na mtu mwingine. Baba aliyekuwa mpole hukasirika kwa jambo dogo, husahau alichoambiwa asubuhi, mkono wake umekakamaa na chakula humpalia. Wapo wasemao amerogwa, na wapo wamwitao mvivu. Kumbe ni ubongo uliojeruhiwa, nao unahitaji tabibu wake.

Tabibu huyo yupo, na mafunzo yake yanajulikana. Nchini Marekani, tiba ya utengamao ilipata bodi yake ya ubingwa mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuacha majeruhi wengi. Mwaka 2011 tiba ya majeraha ya ubongo ilikubaliwa kuwa ubingwa bobezi, na mtihani wa kwanza ulifanyika mwaka 2014. Daktari aliyekwisha kuhitimu ubingwa wa utengamao, wa mishipa ya fahamu au wa afya ya akili husoma mwaka mmoja zaidi.

Katika mwaka huo hafundishwi kupasua. Hujifunza kumtofautisha mgonjwa asiye na fahamu na yule mwenye fahamu finyu asiyeweza kuionesha. Hujifunza kulegeza misuli iliyokakamaa, kudhibiti kifafa kinachofuata jeraha, na kuepuka dawa zinazoufifisha ubongo unaojaribu kupona. Zaidi ya yote, hujifunza kuongoza kundi la watu wa fiziotherapia, wa usemi, wauguzi, wanasaikolojia na familia yenyewe.

Barani Afrika pengo ni kubwa. Makala ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2009 ilihesabu madaktari bingwa wa utengamao sita tu kusini mwa Jangwa la Sahara, wote wakiwa Afrika Kusini. Mwezi Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize utengamao katika mifumo yao ya afya.

Yawezekana mtu akasema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri, ilhali sisi bado tuna uhaba wa wapasuaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kadiri upasuaji wa ubongo unavyostawi, ndivyo wanavyoongezeka wanaonusurika wakiwa na mahitaji ya miaka mingi. Kuokoa uhai na kuiachia familia mzigo wote ni kuifanya kazi nusu. Wala si lazima kuanza na ngazi ya juu kabisa. Daktari aliyepo hospitali ya mkoa aweza kufundishwa misingi hii, mradi asiachwe bila wasaidizi.

Kanisa lina dhamana hapa. Maaskofu Katoliki wa Tanzania wanamiliki Chuo Kikuu cha CUHAS kule Bugando, Mwanza, ambako madaktari hufundishwa. Ni haki waamini waulize nafasi ya utengamao katika mafunzo hayo. Nasi katika jumuiya ndogo ndogo, tunapomtembelea aliyeumia kichwa, tuache kumhukumu kwa tabia yake mpya, tumsaidie mkewe kumrudisha kliniki.