Zana Zikistaafu, Mwananchi Asiachwe Ufukoni

Mtumishi wa Serikali anapostaafu hupewa taarifa mapema, hukabidhi ofisi, na anayeshika nafasi yake huonyeshwa mafaili yalipo. Utaratibu huo ni wa miaka mingi, wala hakuna auonaye kuwa ni anasa. Leo twapenda kuuliza: zana za kompyuta ambazo juu yake huduma za umma zimejengwa, nazo zinapostaafu, je, hukabidhiana kazi kwa utaratibu huo?

Swali hili si la mafundi peke yao. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na hasa tangu Ikulu ya Chamwino izinduliwe tarehe 20 Mei, 2023, shughuli nyingi za kitaifa zina kitovu chake hapa kwenye nyanda za kati, mbali na bahari. Mwananchi wa Pemba, Mafia au Ukerewe hawezi kupanda chombo, kisha basi, kila anapoomba kazi au pasipoti. Kwake yeye mlango wa Serikali ni kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, iwe katika kompyuta ya shule au katika simu ya mkononi. Mlango huo ukigoma, maji yaliyo kati yake na ofisi hurudia upana wake wa zamani.

Vivinjari navyo havikai vile vile. Mwaka 2006 mafundi wa tovuti walipata zana iitwayo Firebug, kazi ya Joe Hewitt, iliyoongezwa ndani ya kivinjari cha Firefox ili kumwonyesha fundi mahali penye kasoro. Wengi walijifunzia kazi kwa zana hiyo. Lakini viendelezi vya namna ile vilijishikiza ndani kabisa ya kivinjari, na kivinjari kilipobadilishwa, navyo vilivunjika. Mwezi Agosti, 2015, Mozilla ilitangaza kuwa itaachana navyo. Tarehe 14 Novemba, 2017, toleo la 57 la Firefox likatoka bila ya kuvipokea, na safari ya Firebug ikakoma. Hata hivyo, zana za kazi ile ile zilikuwa zimekwisha kujengwa ndani ya kivinjari chenyewe, na waliohitaji muda waliachiwa toleo la 52 la huduma ndefu, lililotunzwa hadi Septemba, 2018. Hilo ndilo lililokuwa la mwisho kwa kompyuta za Windows XP.

Wengine nao walitoa taarifa. Julai, 2017, Adobe ilitangaza kwamba Flash ingekoma mwishoni mwa 2020. Mei, 2021, Microsoft ilitangaza kwamba Internet Explorer 11 ingestaafu tarehe 15 Juni, 2022. Hakuna hata moja katika hayo lililoshuka kama mafuriko ya usiku. Ofisi yoyote ambayo fomu zake zilikwama siku hizo haiwezi kudai kuwa haikuambiwa.

Korea ya Kusini ni funzo kwetu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 nchi hiyo ilijenga huduma nyingi za benki na za Serikali juu ya ActiveX, nyongeza iliyotegemea Internet Explorer. Raia aliyetumia kivinjari kingine alijikuta nje ya mlango. Ilipita miaka ipatayo ishirini ndipo marekebisho ya sheria ya saini za kielektroniki, yaliyoanza kutumika Desemba, 2020, yakaondoa upendeleo wa vyeti vilivyokuwa chanzo kimoja kikubwa cha tatizo hilo.

Watakuwapo watakaosema kwamba zana za zamani ni hatari, na kwamba Serikali haiwezi kungojea kila kompyuta kuukuu. Ni kweli, zana isiyotunzwa ni mlango usio na kufuli. Sisi hatutetei ukongwe. Tunachotetea ni makabidhiano.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mifumo hii, na Zanzibar inayo Mamlaka yake. Kwa vyombo hivyo viwili twashauri mambo matatu. Kwanza, huduma yoyote ya umma isitegemee kiendelezi kimoja wala kivinjari kimoja. Ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu na kwa kompyuta ya zamani kabla haijafunguliwa. Pili, mfumo unapobadilishwa, tangazo litolewe miezi sita kabla, kwa Kiswahili, redioni na katika ofisi za shehia na vijiji, na fomu za karatasi ziendelee kupokelewa wilayani hadi mfumo mpya uzoeleke. Tatu, kila mkataba wa kujenga mfumo uwe na fungu la kuutunza, kwani kazi ya mfumo haimaliziki siku ya uzinduzi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaonekana mwaka mmoja au zaidi kabla, na tarehe yake huandikwa wazi. Maofisa walioko Mtumba na Chamwino wanao uwezo wa kuisoma tarehe hiyo. Mvuvi wa Mafia hana. Kwa hiyo jukumu la kujiandaa ni la ofisi, wala si haki kumtwisha yeye.