Sola yahitaji ushuru usioyumba

Mwagizaji wa paneli za sola kutoka China hulipa pesa leo akauza miezi kadhaa baadaye. Kontena hukaa baharini wiki nyingi kabla ya kushuka Mombasa, na hapo katikati sheria yaweza kubadilika Nairobi. Nchini Kenya imebadilika zaidi ya mara moja.

Sheria ya VAT ya 2013 ilitoza vifaa vya sola asilimia 16. Mwaka uliofuata Bunge likavisamehe. Katikati ya 2020 ushuru ukarudi, wakati huo ukiwa asilimia 14 kwa ajili ya nafuu ya korona. Januari 2021 kiwango kikapanda tena hadi 16, na Julai msamaha ukarejeshwa.

Hesabu yake ni hii: mzigo wa shilingi milioni 1 ulioingia Juni 2021 ulidaiwa VAT ya shilingi 160,000. Uliochelewa wiki chache haukudaiwa senti ya VAT. Tena bidhaa iliyosamehewa haimpi muuzaji nafasi ya kudai VAT aliyokwisha kulipa bandarini. Basi aliyewahi ndiye aliyeumia, kwani jirani yake aliweza kuuza kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia bila kula mtaji.

Serikali nyingi hudhani kuharakisha nishati safi ni kumwaga ruzuku. Ruzuku haikatai mtu, lakini Hazina yenyewe ina madeni. Kilicho rahisi zaidi ni kutangaza ushuru wa sola kwa miaka mitano, na badiliko lolote lianze mwaka mmoja baada ya kutangazwa, mizigo iliyokwisha kuagizwa isiguswe. Hazina itasema inafungwa mikono. La hasha, ingali na uwezo wa kutoza, ila haiwezi kushtukiza. Mwenye duka naye angekwenda benki na hesabu inayosimama.

Wakubwa nao wameonja kigeugeu cha namna nyingine. Karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikamilika 2017. Laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa kazi ya serikali, haikuwa tayari hadi 2018. Upepo ulivuma bure, na serikali ikadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi, sehemu yake ikaongezwa kwenye bei ya umeme huo. Waya ungetangulia, pesa hizo zingebaki.

Bajeti husomwa Juni, na mengi ya yaliyomo huanza Julai 1. Hadi muda wa ushuru utakapoandikwa kwenye sheria, mwagizaji makini hapakii mzigo mkubwa mwezi wa Mei.