Unataka Kumfanyia Mzee Sapraizi kwa Kutoboa Bunduki Yake? Muulize Kwanza!

Kuna Mbongo mmoja anaishi Texas, Marekani, jina liachwe. Ameoa hukohuko, na kwa wakwe zake kuwinda ni kama Simba na Yanga kwa watu wa Dar. Novemba ikifika na msimu wa kulungu ukifunguliwa, nyumba nzima inahamia porini. Juzi jamaa kaposti picha ya bunduki ya baba mkwe wake, ya zamani kinoma, halafu kauliza swali moja tu: wapi atapata fundi wa kuifunga darubini chapchap kabla ya msimu? Mzee asijue. Ni sapraizi.

Basi, komenti zikawaka moto. Timu Toboa wakasema bunduki ni chombo cha kazi, siyo pambo la sebuleni, kwa hiyo toboa, funga, kaue nyama. Timu Usiguse wakaja juu kwamba hiyo ni mali ya kale, ukiitoboa tu umeua bei. Watu wametukanana mpaka usiku wa manane. Lakini kwenye fujo yote ile, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo kabisa: mzee mwenyewe anasemaje?

Kabla ya kumrushia jamaa mawe, haki yake apewe. Nia yake ni safi. Msimu uliopita mzee alimpiga kulungu jioni, mwanga ukiwa umepungua, risasi ikaingia pasipotakiwa. Wakafuata damu mpaka giza likawashika, asubuhi wakarudi, mnyama hakuonekana. Mzee hakusema kitu njia nzima. Macho yameanza kumtupa mkono, na mwindaji wa kweli hakuna kitu kinachomuuma kama kujeruhi mnyama akaenda kufia vichakani. Mkwe kaliona hilo, kaona dawa ni darubini. Kwa hiyo tatizo lipo, tena si dogo.

Ila hiyo bunduki si ya kuchezea. Ni Winchester Model 54, ya risasi za .30-06. Zilianza kutengenezwa mwaka 1925, na mwaka 1936 kampuni ikaleta Model 70 kuchukua nafasi yake. Mzee kairithi kwa baba yake. Enzi zile wawindaji wengi walilenga kwa vyuma viwili, kimoja mbele kwenye ncha ya mtutu na kingine nyuma. Darubini ilikuwa kitu cha wachache, na bunduki iliundwa kwa hesabu hiyo.

Ndiyo maana wanaosema "si skrubu nne tu" wanatia huruma. Kwanza, bunduki nyingi za aina hii zilitoka kiwandani bila matundu ya darubini juu. Inabidi chuma kitobolewe, kikatwe nyuzi za skrubu, ndipo mabamba na pete za kushikilia darubini zikae. Chuma chenyewe kimekazwa kwa moto, kinaweza kuvunja ncha ya drili ya kawaida kama njiti. Ukikosea kidogo pembeni, darubini inatazama upande na mtutu unatazama upande mwingine. Ukizidisha kina pale mbele, unaelekea kwenye chemba inapolipukia risasi. Shinikizo la .30-06 linaweza kufika paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Hapo si mahali pa kubahatisha na drili ya gereji.

Pili, kuna mkono wa bolti. Kwenye bunduki hizi, ili utoe ganda na kuingiza risasi nyingine, unainua mkono wa bolti juu kisha unauvuta nyuma. Ukifunga darubini chini karibu na chuma, mkono unapanda na kugonga darubini. Sasa inabidi ukatwe na kuunganishwa upya, au upashwe moto na kukunjwa. Tatu, kile kijibawa cha usalama kilichoko mwisho wa bolti kinapita juu kwa juu, nacho kinakutana na darubini. Nacho kibadilishwe. Model 70 ilipokuja, mkono wa bolti ulishushwa ili kuipisha darubini, maana kiwanda chenyewe kilishaona tatizo.

Nne ni kile kitako cha mbao. Kilichongwa kwa ajili ya jicho linalotazama vyuma vya chini. Weka darubini juu, na shavu la mzee linabaki hewani, anatafuta picha kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Tena jicho linatakiwa likae inchi 3 hadi 4 kutoka kwenye kioo. Akisogea mno kwa sababu shavu halina pa kutulia, bunduki ikipiga teke, ukingo wa darubini unamchana nyusi. Wawindaji kibao wanatembea na lile kovu la mwezi mchanga juu ya jicho.

Kwa hiyo sapraizi ya jamaa, ukiijumlisha, ni hii: matundu kwenye chuma, bolti iliyokatwa, usalama uliobadilishwa, na pengine mbao iliyopunguzwa. Mzee atafungua boksi akute bunduki ya marehemu baba yake imekuwa bunduki nyingine. Na yote hayo kabla hajasema neno.

Hapo ndipo timu zote mbili zinapokosea. Timu Usiguse wanalia na bei. Ni kweli, kwa wakusanyaji wa bunduki za kale, tundu moja jipya linashusha thamani vibaya sana. Lakini mzee hauzi! Bei ya kitu ambacho hakiuzwi ni stori ya watu wa mnadani. Timu Toboa nao wana hoja nzito zaidi ya wanavyojua, kwa sababu mnyama anastahili risasi moja safi. Kama mwindaji haoni vizuri, darubini siyo swaga, ni huruma kwa mnyama. Ila huruma kwa mnyama haimpi mkwe ruhusa ya kuamua kwa niaba ya mzee.

Sapraizi ni keki. Sapraizi ni tiketi ya ndege, kumleta mama kutoka kijijini bila kumwambia. Vitu hivyo mtu asipovipenda anacheka, maisha yanaendelea. Lakini kitu kisichoweza kurudishwa kilivyokuwa, ukikifanya kwenye mali ya mtu bila yeye kujua, hiyo siyo zawadi tena. Umeshamwamulia. Maji yakimwagika hayazoleki, na tundu la kwenye chuma unaweza kuliziba kwa skrubu, lakini litaonekana hapo mpaka wajukuu wazeeke.

Halafu huenda mzee akasema "toboa". Inawezekana kabisa! Huenda akasema baba yake angekuwa hai naye angetoboa. Huenda akasema hataki kuigusa, na msimu huu yeye atapika chai kambini, vijana wapige. Yote ni majibu. Lakini ni ya kwake.

Kwa jamaa, na kwa yeyote mwenye bunduki ya namna hii mkononi, utaratibu wenye akili ni kuanza na yale yanayorudishika. Kwanza chungulia juu ya chuma, mbele na nyuma ya pale bolti inapopita. Ukiona skrubu ndogo zilizojazwa sawasawa na chuma, ujue kuna fundi alishapita zamani, maana nyingi zilitobolewa baadaye. Kama matundu yapo, ugomvi mkubwa umeisha: tumia hayohayo, usiongeze.

Mkono wa bolti nao si lazima ukatwe. Inaweza kutafutwa bolti ya spea, hiyo ndiyo ikunjwe, na ile ya asili ihifadhiwe kwenye droo pamoja na kijibawa chake cha usalama. Ila spea lazima ipimwe na fundi bunduki kabla ya risasi hata moja, kwa sababu bolti isiyofunga vizuri kwenye chemba ni hatari kwa uso wa anayelenga. Badala ya kugusa mbao, kuna mito ya shavu ya kufunga kwa kamba juu ya kitako. Unafunga, unafungua, mbao haijui kitu.

Na kama matundu hayapo na mzee hataki yawepo? Basi bunduki iachwe kama ilivyo, na kinachobadilika kiwe uwindaji wenyewe. Apige mnyama akiwa karibu, mchana kweupe, na akiwa na mashaka asifyatue. Kwa zile jioni za mwanga hafifu, anunuliwe bunduki ya kisasa. Nyingi siku hizi zinatoka kiwandani na matundu tayari, kufunga darubini ni kazi ya jioni moja. Hiyo sasa ndiyo sapraizi. Inakuja na risiti, asipoipenda atasema.

Jambo zuri ni kwamba drili bado haijawashwa. Siku chache baada ya posti, jamaa kaandika kwamba kampata fundi mmoja mzee, kampelekea bunduki. Fundi kaigeuza, kaitazama muda mrefu, kauliza, "Hii ni yako?" Jamaa kajibu ni ya baba mkwe. Fundi kamrudishia mkononi, kamwambia, "Basi njoo naye."

Timu Toboa wamemwita fundi mwoga. Timu Usiguse wamemwita shujaa. Ukweli ni kwamba hajachagua timu yoyote. Kataka tu kumsikia mwenye mali kabla ya kuchana chuma, na watu wote kwenye zile komenti walilisahau hilo.

Wewe je, mdau? Ungekuwa mzee, ungetaka uulizwe kwanza, au ungefurahia kukuta kazi imeshaisha? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi kaa nayo.