Maji ya Kivu na amini ya Kanada

Nilisomea kemia ukimbizini Tanzania. Leo naifundisha Gisenyi. Wanafunzi huniuliza kwa nini nasi tusitumie amini, kimiminika kinachonasa kaboni dioksidi kwenye moshi wa kituo cha makaa cha Boundary Dam, Kanada, tangu 2014.

Amini hunasa vizuri. Lakini ili iachie gesi hiyo hupashwa moto hadi nyuzi 120 hivi, kwa mvuke ambao ungezalisha umeme. Tena huharibika na kuacha taka zenye sumu. KivuWatt huosha methani kwa maji ya ziwa kabla ya kuichoma. Maji hayo hayanasi moshi wa injini, nakubali, ila hayaharibiki kama amini. Wasiwasi wangu ni kina yanaporudishwa yakiwa na kaboni yake. Wakaguzi watutangazie vipimo, sisi na wachuuzi wa Goma. Ziwa ni hilo hilo.